Wasomaji Wasioandika: Upakuaji na Urejelezaji katika Kuyapima Majarida ya Kitaaluma

Jarida la kitaaluma hupimwa kwa njia mbili kubwa. Ya kwanza ni urejelezaji: makala zake zimetajwa mara ngapi katika kazi za watafiti wengine. Ya pili ni upakuaji: makala hizo zimefunguliwa au kuchukuliwa mara ngapi mtandaoni. Urejelezaji umetumika kwa zaidi ya nusu karne, na mengi huutegemea, tangu kupandishwa cheo kwa mhadhiri hadi uamuzi wa maktaba kulipia jarida fulani na kuliacha jingine. Upakuaji ulikuja na intaneti, na hadi leo wengi huuona kuwa kipimo cha daraja la pili. Pwani ya kusini ya Kenya, kutoka Diani na Galu hadi Gazi, Msambweni na Vanga, inaonyesha kwa nini hukumu hiyo haitoshi. Hii ni sehemu iliyotafitiwa kwa miongo mingi: matumbawe yake, mikoko yake, maradhi yake na misitu yake ya kaya. Wengi wanaohitaji matokeo ya utafiti huo hawaandiki makala.

Wazo la kuhesabu marejeleo lilitangazwa na Eugene Garfield katika jarida la Science mwaka 1955. Kusudi lake la awali lilikuwa kumsaidia mtafiti kufuata nyayo za hoja: nani ameijibu makala fulani, nani ameipinga, nani ameiendeleza. Katika miaka ya 1960 faharasa yake ya marejeleo ya sayansi ikaanza kuchapishwa, na mwaka 1975 ikafuata ripoti ya kila mwaka iliyoyapanga majarida kwa kigezo cha athari. Hesabu yenyewe ni nyepesi. Tuseme jarida lilichapisha makala 40 katika miaka ya 2022 na 2023, na mwaka 2024 makala hizo zikarejelewa mara 60. Kigezo chake cha athari kwa mwaka 2024 ni 60 kugawanywa kwa 40, yaani 1.5. Wepesi huo ndio uliokifanya kipendwe na wakuu wa vyuo, na ndio uliokifikisha mahali ambapo Garfield hakukipeleka, yaani kwenye kumpima mtu mmoja mmoja.

Ili rejeleo moja lihesabiwe, mambo kadhaa lazima yatimie kwa pamoja. Msomaji awe naye anaandika. Anachoandika kichapishwe. Kichapishwe katika jarida lililomo ndani ya faharasa kubwa kama Web of Science au Scopus. Na aitaje kazi aliyoisoma, tena kwa usahihi. Kila hatua inawapunguza wasomaji, na haiwapunguzi kwa usawa. Mtafiti wa fizikia huko Ulaya hupita hatua zote nne bila shida. Afisa wa uvuvi wa kaunti ya Kwale hukwama kwenye ile ya kwanza, hata akiwa ameisoma makala mara tatu na kuifanyia kazi.

Lugha nayo ina kizuizi chake. Jarida la Kiswahili la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam lina asili yake katika taarifa zilizoanza kutolewa mwaka 1930 na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, na ni miongoni mwa majarida ya zamani kabisa katika eneo hili. Makala zake hurejelewa katika tasnifu, katika vitabu vya kiada na katika mihadhara ya vyuo vya Kenya, Tanzania na Uganda. Sehemu kubwa ya marejeleo hayo haiingii katika faharasa kubwa, kwa kuwa tasnifu na vitabu vya kiada si majarida yanayohesabiwa. Google Scholar, iliyoanza mwaka 2004, hukusanya kwa upana zaidi, lakini nayo huona tu kile kilichowekwa mtandaoni kwa namna inayosomeka na mashine. Jarida linaloonekana halina athari katika orodha ya kimataifa huenda ndilo linalofundishia kizazi kizima cha walimu wa Kiswahili.

Mfano wa karibu zaidi na Galu ni uvuvi. Mwaka 1997 Timothy McClanahan na wenzake walichapisha katika jarida la Environmental Conservation utafiti kuhusu usimamizi wa jadi wa uvuvi katika pwani ya kusini ya Kenya. Walilinganisha bandari za wavuvi zilizolikataa juya, yaani wavu mkubwa wa kukokota, kwa muda mrefu na zile zilizoliruhusu. Wakakuta kwamba mvuvi wa zana za kienyeji, mahali juya lilipozuiwa, alipata samaki wengi kwa kichwa kuliko mvuvi wa juya. Makala hiyo imerejelewa na wataalamu wa bahari wa nchi nyingi. Lakini jambo inalolizungumzia huamuliwa kwenye vikao vya vikundi vya usimamizi wa fukwe, maarufu kama BMU, chini ya mkungu au kwenye banda la samaki. Mzee wa bandari anayesimama kikaoni na kutetea kuzuiwa kwa juya, akitumia hoja iliyotoka katika utafiti kama huo, ameutumia kwa namna nzito kuliko mwandishi anayeutaja ndani ya mabano pamoja na wengine saba. Hesabu ya marejeleo humwona mwandishi, haimwoni mzee.

Gazi kuna jambo la aina hiyo hiyo. Kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya, KMFRI, kimechunguza mikoko ya ghuba ile kwa miongo mingi, na upandaji upya ulianza mwanzoni mwa miaka ya 1990. Vipimo vya kaboni inayohifadhiwa na miti na matope ndivyo vilivyowezesha mradi wa Mikoko Pamoja kuanza kuuza hewa ya kaboni mwaka 2013, chini ya uongozi wa wenyeji wa Gazi na Makongeni, katika hekta 117 za mikoko. Mwaka 2019 Vanga nako kukaanzishwa mradi wa namna hiyo. Makala za kisayansi zilizotangulia zilisomwa na wanakijiji viongozi, maafisa wa misitu, wafadhili na wakaguzi wa viwango vya kaboni. Wachache mno kati yao waliandika makala ya kuzirejelea.

Msambweni nako kichocho kimetafitiwa tangu miaka ya 1980, na makala nyingi zimetoka kuhusu tiba ya watoto wa shule na madhara ya ugonjwa huo. Daktari wa kata au muuguzi wa zahanati anayetafuta namna ya kumhudumia mtoto mwenye mkojo wa damu atasoma, atatibu, na habari yake itaishia hapo.

Upakuaji ulipokuja ulileta tumaini la kuwaona wasomaji hao. Kila makala inapofunguliwa, seva huandika kumbukumbu: saa, anwani ya kifaa, faili lililoombwa. Ukizijumlisha kumbukumbu hizo unapata idadi. Mwanzoni kila mchapishaji alihesabu kwa namna yake, na idadi za wawili hazikulinganishika. Mwaka 2002 maktaba na wachapishaji waliunda mradi wa COUNTER ili kuwe na kanuni moja. Kanuni hizo zinasema, kwa mfano, kwamba mtu akibonyeza faili lile lile mara mbili ndani ya sekunde 30, hiyo ni mara moja. Zinataka roboti zinazozunguka mtandaoni ziondolewe katika hesabu. Na tangu toleo la 5, lililoanza kutumika mwaka 2019, zinatenganisha maombi yote na maombi ya kipekee, ili msomaji aliyefungua makala kama ukurasa wa tovuti kisha akaichukua kama PDF katika kikao kimoja asionekane kuwa wasomaji wawili.

Suala hilo la mwisho linaonekana dogo, nalo si dogo. Mwaka 2006 Philip Davis na Jason Price walionyesha kwamba muundo wa tovuti ya mchapishaji unaweza kubadili idadi ya upakuaji. Tovuti inayompitisha msomaji kwanza kwenye ukurasa kamili wa makala, kisha kwenye PDF, hujihesabia mara mbili. Jarida linaweza kupanda kwa sababu fundi wa tovuti amehamisha kitufe.

Baada ya kanuni kupatikana, wachapishaji na wakutubi wa Uingereza walijaribu kuunda kipimo cha upakuaji kinachofanana na kigezo cha athari. Kazi hiyo ilianza mwaka 2007, na mwaka 2014 COUNTER ikatoa kanuni za kigezo cha matumizi. Walichagua jambo moja la busara: badala ya wastani wa kawaida walitumia thamani ya kati, yaani ile inayokaa katikati makala zote zikipangwa kutoka iliyosomwa kidogo hadi iliyosomwa zaidi. Sababu ni kwamba katika jarida lolote makala chache hupakuliwa mno na zilizobaki kidogo, na wastani hubebwa na hizo chache. Ugonjwa huo huo umo katika kigezo cha athari, ambacho bado hutumia wastani. Hata hivyo kigezo cha matumizi hakikuenea. Wachapishaji wakubwa hawakuwa na haraka ya kuziweka hadharani idadi zao, na vyuo vilikwisha kuzoea namba ya zamani.

Je, upakuaji na urejelezaji huenda pamoja? Kwa kiasi. Mwaka 2004 Thomas Perneger alionyesha katika jarida la tiba la BMJ kwamba makala zilizofunguliwa sana katika juma la kwanza zilielekea kurejelewa zaidi miaka ya baadaye. Mwaka 2006 Tim Brody, Stevan Harnad na Leslie Carr, wakichunguza makala za fizikia, walipata uhusiano wa takriban 0.4 kati ya upakuaji wa mapema na marejeleo ya baadaye, ambapo 1 ni kufuatana bila tofauti yoyote na 0 ni kutohusiana. Wapo wanaoichukua namba hiyo kuwa udhaifu wa upakuaji: ungekuwa kipimo cha kweli, ungekaribia 1. Hoja hiyo imepinda. Upakuaji ungefuatana na urejelezaji kikamilifu, usingekuwa na haja ya kuwapo, kwa sababu usingesema lolote jipya. Mwaka 2009 Johan Bollen na wenzake walilinganisha vipimo 39 vya athari ya kisayansi katika jarida la PLoS ONE, vya matumizi na vya marejeleo. Walihitimisha kwamba athari ya kisayansi ina pande kadhaa zisizoweza kubebwa na kipimo kimoja, na kwamba kigezo cha athari kinakaa pembezoni mwa picha hiyo.

Ushahidi wenye uzito kuliko wote kwa suala hili ulitoka mwaka 2008. Philip Davis na wenzake walichukua makala 1,619 kutoka majarida 11 ya chama cha wanafiziolojia cha Marekani, wakachagua 247 kwa bahati nasibu na kuzifungua kwa kila mtu bila malipo. Zilizobaki zilihitaji uandikishaji. Matokeo yalichapishwa katika BMJ. Makala zilizofunguliwa zilisomwa kwa ukamilifu mtandaoni kwa asilimia 89 zaidi, na PDF zake zilichukuliwa kwa asilimia 42 zaidi. Marejeleo ya mwaka wa kwanza hayakuongezeka. Wengi waliisoma habari hiyo kama pigo kwa watetezi wa majarida ya bure. Lakini inasema jambo jingine kwa sauti kubwa zaidi. Mlango ulipofunguliwa, wasomaji wapya waliingia, na yaelekea wasomaji hao kwa sehemu kubwa hawakuwa wale wanaoandika, kwa kuwa watafiti wa vyuo vikubwa walikuwa na njia ya kuingia tangu mwanzo. Walioingia huenda ni madaktari, walimu, wanafunzi, na watu wa vyuo visivyoweza kulipia. Kipimo cha marejeleo hakikutikisika hata kidogo, ingawa usomaji kamili mtandaoni ulikua karibu maradufu. Kwa jarida linalohudumia pwani ya Kwale, kuongezeka huko kusikoonekana katika marejeleo ndiko kunakostahili kupimwa.

Afrika Mashariki ina majarida yanayolengwa na hoja hii moja kwa moja. Jumuiya ya wanasayansi wa bahari ya Bahari Hindi ya Magharibi, WIOMSA, iliyoundwa mwaka 1993 na yenye makao Zanzibar, ilianza kutoa jarida lake la sayansi ya bahari mwaka 2002. Husomwa bure, na hupatikana pia kupitia African Journals Online, AJOL, jukwaa lililoanzishwa mwaka 1998 ambalo sasa lina majarida zaidi ya 500 ya bara hili. Nje ya eneo hili, Swahili Forum, lililoanza mwaka 1994 nchini Ujerumani, nalo hutolewa bure mtandaoni. Majarida ya namna hii yakipimwa kwa kigezo cha athari peke yake huonekana madogo. Mwaka 2025 matokeo ya jaribio la dawa ya ivermectin dhidi ya malaria lililofanyika Kwale yalichapishwa katika New England Journal of Medicine, moja ya majarida yanayorejelewa kuliko yote duniani, na yalistahili. Lakini orodha inayolipa jarida hilo alama nyingi na jarida la Zanzibar alama chache haisemi ni lipi litakalomfaa mtu anayesimamia uvuvi wa pweza Msambweni.

Upakuaji una matatizo yake, na baadhi ni mazito zaidi katika eneo hili kuliko Ulaya. La kwanza ni nakala zinazohama. Mwanafunzi wa Ukunda mwenye bando la siku huchukua PDF mara moja, kisha huirusha kwenye kundi la WhatsApp la darasa au la BMU. Seva imeandika moja. Wenzake wote wanasoma kutoka kwenye simu zao, na faili hiyo haitarudi tena kwa mchapishaji. Mahali data ni ghali, ndivyo kila mtu hufanya, na kwa hiyo idadi ya upakuaji huwapunja zaidi wasomaji wale wale ambao ingewafaa. Sci-Hub, iliyoanzishwa na Alexandra Elbakyan mwaka 2011, nayo hula sehemu yake: kumbukumbu zilizochapishwa na Science mwaka 2016 zilionyesha maombi milioni 28 ndani ya miezi sita, na hakuna hata moja lililoingia katika hesabu za wachapishaji.

La pili ni anwani. Mitandao ya simu mara nyingi huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, na vyuo hufanya vivyo hivyo kwa wanafunzi wao. Mhadhiri akiwaambia wanafunzi 60 wafungue makala ile ile darasani, wakabonyeza kwa pamoja, mfumo unaotambua watu kwa anwani pekee unaweza kuwaona kuwa mtu mmoja mwenye pupa. Ramani ya wasomaji nayo hupotoka, maana anwani nyingi za simu huandikishwa mji mkuu, na msomaji wa Galu akaonekana yuko Nairobi. Idadi ya nchi inaaminika zaidi kuliko idadi ya kaunti.

La tatu ni roboti. Orodha ya COUNTER huzikamata zile zinazojitambulisha. Tangu kampuni za akili mnemba zilipoanza kukusanya maandishi kwa wingi, hazina za makala na majarida madogo yamejikuta yakizidiwa na roboti zisizojitambulisha. Jarida dogo la chuo linaweza kuona upakuaji ukipanda mara kumi katika mwezi mmoja bila msomaji mmoja kuongezeka. Mhariri anayetangaza ongezeko hilo kabla ya kuzichunguza kumbukumbu anajidanganya na kuwadanganya wasomaji wake.

La nne ni hila. Benjamin Edelman na Ian Larkin walichunguza jukwaa la SSRN, ambako idadi ya upakuaji huonekana hadharani, wakakuta waandishi wakipakua makala zao wenyewe, hasa waliokuwa wakijilinganisha na wenzao. Urejelezaji nao una hila zake. Majarida hujirejelea yenyewe kupita kiasi, na mengine hukubaliana kurejeleana, hata mara kwa mara faharasa kubwa huyaondoa majarida kwa kosa hilo. Tofauti ni bei: kurejelea kwa hila kunahitaji makala nzima iandikwe na kukubaliwa, kupakua kwa hila kunahitaji kidole.

Kutokana na hayo, matumizi ya upakuaji hayana uzito sawa kila mahali. Kwa wakutubi kipimo hiki ni imara. Gharama ya jarida ikigawanywa kwa idadi ya upakuaji huonyesha jarida linalolipiwa bila kusomwa, na muungano wa maktaba za Kenya, KLISC, ulioundwa mwaka 2003, unanunua majarida kwa niaba ya vyuo vingi ambako kila shilingi ina kazi. Kwa wahariri kina thamani zaidi kikisomwa kwa nchi na kwa wakati. Makala inayopakuliwa kila Septemba na Januari inafundishiwa mahali fulani. Makala iliyosahaulika miaka sita kisha ikainuka ghafla huenda imeingia katika mjadala wa sera. Ni mambo ambayo marejeleo huyaonyesha kwa kuchelewa mno, au hayayaonyeshi kabisa.

Kwa kumpandisha mtu cheo, upakuaji haufai. Mwongozo wa mwaka 2014 wa Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ya Kenya ulihesabu alama za machapisho. Kuongeza alama za upakuaji juu yake kungemfanya kila mhadhiri awe na ndugu kumi wanaobonyeza. Tamko la San Francisco la mwaka 2012 na Ilani ya Leiden ya mwaka 2015 vinakataza namba za jarida kutumika badala ya kuisoma kazi yenyewe, na katazo hilo linagusa upakuaji kama linavyogusa kigezo cha athari.

Kwa jarida lenyewe, vipimo viwili vikiwekwa pamoja huzalisha picha nne, na mbili kati ya hizo ndizo za kufikirisha. Jarida linalorejelewa sana na kupakuliwa kidogo kwa kawaida hutumikia duara dogo la wataalamu, au limefungwa kwa malipo. Jarida linalopakuliwa sana na kurejelewa kidogo linaweza kuwa limejaa roboti, linaweza kuwa la mada zinazopendwa tu, na linaweza kuwa ndilo linalowafikia wauguzi, walimu na viongozi wa fukwe. Namba haitenganishi hali hizo tatu. Kinachozitenganisha ni kumbukumbu zilizosafishwa, mgawanyo wa nchi, na kuwauliza watu: afisa wa uvuvi amesoma nini mwaka huu, mwalimu anafundishia nini, mradi wa mikoko umejengwa juu ya makala zipi.

Liko pia suala la nani anazishika idadi hizo. Makala moja ya jarida la eneo hili inaweza kukaa AJOL, kwenye tovuti ya jarida, katika hazina ya chuo cha mwandishi na katika ukurasa wake wa ResearchGate, na kila mahali kuna hesabu yake. Mhariri anayetaka idadi ya kweli lazima azikusanye zote, aseme ni kanuni gani imetumika kila mahali, aondoe roboti, na atoe thamani ya kati pamoja na jumla. Programu ya Open Journal Systems, inayotumiwa na vyuo vingi vya Afrika Mashariki, ina uwezo wa kuhesabu kwa kufuata kanuni za COUNTER, kwa hiyo kazi hiyo haihitaji fedha nyingi. Inahitaji mtu aliyepewa jukumu hilo, na ripoti inayotoka kila mwaka ikiwa na nchi, miezi na makala zilizosomwa zaidi, pamoja na maelezo ya mwezi wowote ambao idadi yake haikueleweka.